Msamaha ni Mali ya Aliyedhulumiwa

Ndugu zetu, wako watu wasemao kwamba dhulma ikisha kupita, lililo bora ni kuisahau, kwani kuifukua ni kutonesha kidonda. Neno hili lina sura ya hekima; walakini na tulipime.

Nchi ya Afrika ya Kusini ilikaa chini ya utawala wa kubagua watu kwa rangi hata mwaka wa 1994. Mwaka wa 1995 ikatungwa sheria ya kuunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mkuu wake akawa Askofu Desmond Tutu. Sharti lilikuwa hili: aliyetenda uovu kwa ajili ya siasa, akikiri yote, yamkini asamehewe asishitakiwe. Walioomba walipita 7,000, na wengi wao walikataliwa. Na wako waovu ambao hawakuja kabisa.

Tazameni khabari ya Imamu Abdullah Haron wa Cape Town. Alishikwa na polisi mwezi wa Mei 1969, akawekwa kifungoni siku 123, akafa humo tarehe 27 Septemba. Polisi wakasema ameanguka ngazini. Mwaka wa 1970 hakimu akaipokea kauli hiyo, wala hakulaumiwa mtu. Jamaa zake hawakunyamaza. Uchunguzi ukafunguliwa tena mwaka wa 2022, na mwezi wa Oktoba 2023 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba alikufa kwa mateso ya polisi. Mkewe alikwisha fariki mwaka wa 2019; haki ilifika, naye hayupo kuisikia.

Je, mama yule angaliambiwa asamehe, angalimsamehe nani, ilhali daftari la serikali lasema ni ngazi iliyomwua mumewe? Serikali yaweza kumwondolea mtu kifungo. Haiwezi kumwondolea deni alilo nalo kwa mjane na yatima. Na dini yetu yatufunza kwamba haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake, mpaka mwenyewe arudishiwe au aridhike.

Huenda mtu akasema: lau kila mkosa angaliandamwa, vita vingalizuka. Kweli, amani ni jambo kubwa, na kusamehe ni daraja ya juu kuliko kulipiza. Lakini hatukusema alipizwe. Twasema ukweli utangulie, kisha msamaha ufuate. Kuficha dhulma si kuizika, ni kuwarithisha watoto.

Basi ewe msomaji, ukiitwa kusuluhisha, iwe ni nchi au ni nyumba mbili za mtaa mmoja, usianze kwa kumwambia aliyeumizwa, “Samehe.” Anza kwa kumwambia aliyeumiza, “Sema.”

Wallahu aalam.