Je, Mwaminifu Anaweza Kupoteza Amana?



Katika mkutano mkuu wa jumuiya yetu muhula uliopita, mweka hazina alisoma hesabu kwa muda wa dakika kumi hivi. Mapato, matumizi, salio. Ndugu mmoja akauliza swali linaloulizwa kila mwaka: kuna fedha yoyote isiyojulikana ilikokwenda? Hakuna. Tukasema alhamdulillah, tukajiandaa kufunga kwa dua. Ndipo dada mmoja akakumbusha kwamba mama aliyetupikia futari Ramadhani iliyopita bado anatudai. Kimya. Halafu ikatolewa rai: katika chumba chetu kuna kabati la vitabu vya zamani, picha za waasisi na daftari la mikutano ya mwanzo, vitu alivyotuletea mzee mmoja aliyesoma hapa miaka mingi iliyopita. Vitabu vile vina thamani. Viuzwe, mama alipwe.

Nusu ya mkutano ilikubali, nusu ikakasirika, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu swali dogo sana: vile vitabu ni vya nani?

Usiku ule nilikumbuka kisa cha jumba moja la makumbusho huko Uingereza, nikakisoma upya. Mwanzoni hakifanani nasi hata kidogo, kwa kuwa kinahusu vyombo vya kauri. Mfinyanzi Josiah Wedgwood alianzisha kiwanda chake mwaka 1759 katika eneo la Staffordshire. Ni yeye ambaye mwaka 1787 alitengeneza nishani ndogo ya kupinga biashara ya utumwa, yenye sura ya Mwafrika aliyefungwa minyororo, akipiga magoti na kuuliza kama yeye naye si binadamu na ndugu. Vizazi vya baadaye vya kiwanda hicho vilihifadhi vyombo, michoro, barua na daftari za majaribio, hadi vikafikia vitu wapatavyo 80,000. Makusanyo hayo yakawekwa chini ya taasisi ya hisani yenye wadhamini wake, mbali na kampuni ya biashara. Mwaka 2008 likafunguliwa jengo jipya katika kijiji cha Barlaston, na mwaka uliofuata jumba hilo likashinda tuzo ya Art Fund, ambayo ni heshima kubwa kwa majumba ya makumbusho nchini humo.

Lau ungeulizwa siku hiyo kama taasisi hii ni salama, ungesema nini? Ina wadhamini, ina wageni, ina tuzo, ina mali isiyo na mfano.

Lakini Januari 2009 kampuni ya Waterford Wedgwood ilikuwa imeanguka. Wafanyakazi watano wa jumba la makumbusho walikuwa katika mfuko mmoja wa pensheni pamoja na wafanyakazi wa kiwanda, mfuko wenye wanachama wapatao 7,000. Sheria ya pensheni ya nchi hiyo ilikuwa na kanuni ambayo mtu yeyote aliyewahi kukopa katika kikundi ataielewa mara moja: wenzako wakishindwa, wewe uliyebaki umesimama unabeba deni la wote. Makampuni yalianguka, jumba la makumbusho likabaki limesimama. Kwa hiyo pengo la mfuko, takriban pauni milioni 134, likaangukia taasisi ambayo ilikuwa na watu watano tu ndani ya mfuko huo. Mwaka 2010 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Desemba 2011 mahakama ikaamua kwamba makusanyo yanaweza kuuzwa ili kulipa deni, na mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Serikali akaona hakuna msingi wa kupinga uamuzi huo.

Kesi ile haikuwa ya wizi. Hapakuwa na mdhamini aliyeshtakiwa kwa kutia mkono kwenye sanduku. Hoja ilikuwa kavu kabisa: je, vyombo vile vilishikwa kwa ajili ya umma chini ya masharti maalumu ya kudumu, au vilikuwa tu mali ya taasisi kama viti na meza zake? Waliochimba nyaraka za miaka mingi hawakuona pahali palipoandikwa kwa nguvu ya kutosha kwamba vimefungwa. Kila mtu alidhani. Wadhamini walidhani, wageni walidhani, na bila shaka hata waliotoa vitu vyao walidhani.

Sisi tumezoea kuipima amana kwa swali la mkutano wetu: nani ameiba? Asipopatikana mwizi, tunaona kazi imekwisha. Lakini Nabii Yusuf (a.s.), alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, alijitaja kwa sifa mbili, si moja: kwamba ni mtunzaji na kwamba ni mjuzi. Nimesikia mawaidha mengi juu ya sifa ya kwanza. Ya pili tunaipita haraka, labda kwa sababu ni rahisi kumchagua mtu mcha Mungu kuliko kumtuma akajifunze kusoma mizania. Na Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika madeni. Haikuwaamrisha kuandika wale tu wasioaminiana. Wanaoaminiana pia waandike, tena kwa muda maalumu, na mashahidi wawepo.

Kwa hiyo nasema hivi, na anayepinga aandike toleo lijalo: mdhamini asiyejua anachoshika, anakishika kwa ajili ya nani, na ametia sahihi madeni ya nani, hajatekeleza amana hata kama mikono yake ni safi. Hawi msaliti, hapana. Lakini aliyempa kitu atakikosa vilevile.

Ukitaka kuipima taasisi ya namna hii, salio la benki ndilo la mwisho kutazama. Uingereza hesabu za taasisi za hisani zilizosajiliwa huwekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ukizisoma, nenda kwenye maelezo ya nyuma yaliyochapwa kwa herufi ndogo, huko ndiko pensheni na dhamana zinakojificha. Angalia fedha zipi zimetolewa kwa kazi maalumu na zipi ziko huru. Kisha soma katiba: taasisi ikifa leo, mali inakwenda wapi? Na wanaokaa kwenye bodi wanakula mkate wa nani?

Sasa niseme lililonisumbua. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilikuwa upande wa vyombo. Wadai ni watu wa fedha, nilifikiri, na wanataka kuuza historia. Baadaye nikajiuliza: wadai ni akina nani hasa? Nyuma ya mfuko ule kulikuwa na wazee waliokaa miaka mbele ya tanuri, waliochora maua kwenye sahani kwa mkono, na wajane wao. Vyombo katika kabati la kioo vilitoka mikononi mwa watu kama hao. Kuna uadilifu gani kumwambia mfinyanzi kwamba sahani aliyoifanya ni tukufu mno kiasi kwamba haki yake ya uzeeni isubiri? Kweli, kulikuwa na mfuko wa taifa wa kulinda pensheni, lakini nao ulikuwa ukijazwa na michango ya wengine.

Upande wetu jambo hili ni zito. Ardhi ya Umar (r.a.) kule Khaybar iliwekwa wakfu kwa sharti kwamba haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Lakini Mtume (s.a.w.) huyohuyo aliyemwelekeza Umar aliacha kumsalia maiti aliyekufa na deni, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Wakfu una heshima yake na mdai ana haki yake. Palipoandikwa vizuri tangu mwanzo, viwili hivi havigongani. Vinagongana pale ambapo kitu kilitendewa kama wakfu bila kufanywa wakfu.

Barlaston walitoka kwa njia ya Abu Qatada. Mwaka 2014 zilikusanywa pauni milioni 15.75, ambazo ni chini ya moja ya nane ya deni lote, makusanyo yakanunuliwa na kukabidhiwa jumba la taifa la V&A la London, ambalo likayaacha palepale kijijini kwa mkopo. Sehemu ya mwisho, zaidi ya pauni milioni 2.7, ilichangwa na watu wa kawaida kwa muda wa mwezi mmoja hivi. (Sehemu nyingine ilitoka katika fedha za bahati nasibu ya taifa, hilo lina makala yake.) Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini fedha zile zote zilinunua kitu ambacho kila mtu aliamini tayari ni cha umma.

Nikarudi kwenye kabati letu. Mzee aliyeleta vitabu amefariki, Allah amrehemu. Nilitafuta karatasi yoyote ya makabidhiano na sikuipata. Katika daftari la zamani kuna mstari mmoja tu unaosema vitabu "vimepokelewa". Vimepokelewa kama zawadi, kama wakfu au kama vitu vya kuhifadhiwa, mwandishi hakusema. Mwanawe yuko Jinja. Nimempigia, akaniambia atamuuliza mama yake, kwa sababu ndiye aliyemsaidia mzee kuvifunga kwenye maboksi.

Ama mama wa futari, wiki iliyopita tulipitisha bahasha baada ya swala ya Ijumaa. Tumefika nusu. Nimemwomba mweka hazina aandike kiasi kilichobaki, atie tarehe ya kulipa, na karatasi ibandikwe mlangoni mwa kabati.