Amana Iliyo Juu ya Meza

Ndugu zangu wa Mbagala na Tandika, wa Yombo na Chang'ombe, wa Tegeta, Bunju na Mwananyamala, ninyi wenye kompyuta sebuleni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi: nisikilizeni leo. Sina cha kuwauzia. Nina mzigo moyoni na sitalala nao mwaka mwingine.

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku nchi nzima ilipokuwa inamkumbuka Mwalimu Nyerere, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Mfumo ule ulitoka Julai 2015, ukatumika miaka kumi, kisha ukaachwa. Kesho yake asubuhi mlibonyeza kitufe, mashine ikawaka, picha ya mtoto ikatokea kwenye skrini kama jana. Mkasema, mbona hakuna kilichobadilika? Ndugu yangu, mlinzi akiacha kazi usiku, asubuhi geti linaonekana lile lile.

Elewa jinsi wizi wa kwenye kompyuta unavyofanyika. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa kwenye mfumo wake. Windows 11 inavipata. Mwizi anakichukua kiraka hicho kipya, anakichunguza, anajua tundu lilikuwa wapi, kisha anakwenda kulitafuta kwenye Windows 10, maana mifumo hii miwili ina sehemu nyingi zinazofanana. Kwa jirani limezibwa. Kwako liko wazi, na litabaki wazi usipochukua hatua. Kila mwezi unaopita, mwizi anaongezewa ufunguo mmoja wa nyumba yako.

Sitishi watu bure. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa, na wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vikapita katika tundu hilo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai malipo ya bitcoin ili yafunguliwe. Uingereza, hospitali ziliahirisha miadi na hata upasuaji. Dawa ilikuwa imekwisha kutoka miezi miwili kabla, na watu hawakuinywa! Sasa wewe wa Rangi Tatu, ambaye dawa haiji kwako tena yenyewe, unategemea nini?

Wengi hunijibu: mimi si mtu mkubwa, hawana cha kuniibia. Nalikataa jibu hilo kwa nguvu zangu zote. Mama mwenye stesheneri ya barazani, fungua folda unamohifadhi vitu vya wateja. Mna nini humo? Kitambulisho cha NIDA cha kijana aliyekuja kuomba mkopo wa HESLB. Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Cheti cha kifo cha baba yake, kwa sababu yatima hutakiwa kuthibitisha. Matokeo ya kidato cha nne. Mkataba wa kuuziana kiwanja cha Mbande, wenye sahihi za mashahidi. Neno la siri la binti aliyeomba kazi kupitia Ajira Portal, ulilolihifadhi kwenye kivinjari ili asihangaike siku nyingine. Katika vyote hivyo hakuna kilicho chako. Umeachiwa. Lugha yetu ina neno la kitu ulichoachiwa na mtu aliyekuamini, na neno hilo linasikika msikitini na kanisani: amana. Mwenye amana hasemi yeye ni mdogo. Hata sheria ya nchi sasa inalitambua hilo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kazi tangu Mei 2023. Lakini mimi nazungumza na dhamiri yako kabla ya sheria.

Na wewe usiye na stesheneri, mwenye mashine ya watoto kufanyia kazi za shule, unaitumia pia kuingia benki, au sivyo? Basi maneno haya ni yako.

Wapo walioshikwa na hofu wakabeba pesa ya mchezo hadi Kariakoo, wakarudi na mashine ya mtumba inayong'aa, muuzaji amewaambia ina Windows 11. Hawakuuliza imeingiaje humo. Tafadhali jifunze kusoma namba! Windows 11 inataka chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na kwa mashine za Intel, ukiacha chache sana, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kimeandikwa kwenye jina lake: i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho ni kizazi cha sita. i5-8250U ni cha nane. HP EliteBook 840 G3 unayoiona dukani, na Dell Latitude E7470 iliyo pembeni yake, zote ni kizazi cha sita. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 ikakaa humo, njia ya kuukwepa ukaguzi ipo. Lakini Microsoft imesema wazi kuwa mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupewa masasisho. Umetoa akiba ya miezi sita ukanunua ugonjwa uleule uliouacha nyumbani.

Wengine wanaletewa Windows iliyochakachuliwa. Hapa naomba kila mzazi asimame na mwanawe. Ile programu ya kuvunja leseni, jambo la kwanza inaloagiza ni uzime antivirusi. Mgeni usiyemjua anabisha hodi usiku, kabla hajaingia anakuambia umfunge mbwa. Utamfungulia? Mbona kwenye kompyuta unamfungulia, tena unamshukuru fundi na nauli juu?

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Nikiwauliza kwa nini mnataka kompyuta mpya, wengi hamsemi habari za ulinzi. Mnasema imekuwa nzito. Unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi bado inazunguka. Nawaambia kwa uhakika: mara nyingi uzito huo hautoki kwenye prosesa. Unatoka kwenye diski ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani na kasindano kanakohangaika huku na huku kutafuta faili. Jipimie mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 na wewe hujafungua kitu, umempata mchawi wako. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Mashine iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuamka inaamka ndani ya nusu dakika. Ongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8, ikiwa mashine yako inaruhusu, maana nyingine zimechomelewa RAM moja kwa moja kwenye ubao, na hutaamini kuwa ni mashine ileile uliyotaka kuitupa. Gharama ya vyote viwili ni ndogo mbele ya bei ya kompyuta mpya. Nenda kwa fundi Sinza, nenda Kariakoo, lakini kaa palepale umtazame akifungua skrubu ya kwanza mpaka anafunga ya mwisho.

Na umeme wetu mnaujua. Unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena wakati mtu anachapa barua. Diski inayozunguka huumia kwa kila mshtuko wa namna hiyo. Kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS kabla ya kununua spika.

Ukishaijua mashine yako, uamuzi wa mfumo unakuja wenyewe. Ikiwa ni ya kizazi cha nane au zaidi na Windows 10 yako ni halali, kuhamia Windows 11 ni bure, na sijui unasubiri nini. Najua, bando! Faili la kusakinishia lina GB kadhaa, na mtu wa Kijichi hatamaliza bando la wiki kwa ajili hiyo. Basi fanyeni kama mnavyofanya kwenye misiba na harusi: changeni. Mmoja apakue mara moja kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, aweke kwenye fleshi ya GB 8, fleshi izunguke mtaa mzima. Mtaa wenye mashine kumi utalipia bando moja.

Ikiwa mashine ni ya zamani, Microsoft imetoa mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Kuna njia ya dola 30, na kuna njia isiyo na malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti hiyo. Ichukueni. Lakini msiifanye mto wa kulalia. Mwaka huo ni wa kujifunza kuhama.

Kuhamia wapi? Hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Watu wazima wa leo walikulia katika nchi ambayo mashine hii ilikuwa kitu cha ofisi chache, na mtoto wa Keko hangeota kuigusa. Leo imefika mpaka nyumba ya vyumba viwili Mbagala Kuu. Na tuitupe kwa wauza vyuma chakavu, wachome nyaya zake wapate shaba, watoto wavute ule moshi, eti kwa sababu kampuni iliyo mbali imesema haifai? Kioo kizima, kibodi nzima, prosesa nzima! Hapana, ndugu zangu.

Ipo mifumo huria isiyolipiwa leseni wala kuchakachuliwa. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akaipa jina la utu wetu Waafrika. Toleo la 24.04 linatunzwa hadi mwaka 2029. Linux Mint, ambayo mtu aliyezoea Windows huizoea upesi kwa sababu menyu yake iko kona ileile. Zote hukaa vizuri kwenye mashine ya kizazi cha sita, hata cha nne. Wala msiseme haya ni ya Wazungu. Mwaka huohuo wa 2004, hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wetu walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu yenye menyu za Kiswahili, kwa sababu programu huria humruhusu yeyote kuifungua na kuipa lugha ya mama yake. Tulikuwa mlangoni tangu wakati ule, tukaondoka.

Sitawadanganya. Anayeishi kwa Photoshop hataikuta huko. Mhasibu mwenye programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, naye abaki na Windows, atafute mashine inayostahili, na hiyo ni gharama ya kazi yake. Lakini wewe wa stesheneri, hesabu kazi zako za wiki: HESLB ni kivinjari, Ajira Portal ni kivinjari, BRELA ni kivinjari, Tausi ya halmashauri ni kivinjari. Zinazobaki ni kuchapa barua, kuskani na kutoa kopi. Weka Mint kwenye fleshi, washa mashine kutoka kwenye fleshi hiyo bila kufuta chochote, jaribu printa yako, jaribu skana, jaribu intaneti. Ikigoma, chomoa fleshi, Windows yako iko palepale. Kuna duka gani mjini linalokuruhusu kuvaa kiatu nyumbani wiki nzima kabla ya kuamua?

Nimeeleza mengi, na sijasema lile linaloniuma.

Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na sauti ya mama. Saa nzima na zaidi, anasimulia walivyotoka Rufiji kuja Temeke, nani alimpokea, chumba cha kwanza walipanga kwa nani, nyimbo walizoimba wakitwanga. Nilimrekodi Jumapili moja baada ya chakula, na mwishoni anacheka anauliza kama kile kidude bado kinasikiliza. Diski ilikuwa ya zamani. Nilijua. Nilikuwa nimeiona ikisita, nimesikia ikikwaruza, na kila mwezi niliahirisha kuibadili kwa sababu kulikuwa na ada, kulikuwa na bati, kulikuwa na mgonjwa. Jioni moja umeme ulikatika ukarudi mara tatu. Mara ya tatu mashine ikaanza kugonga, tak, tak, tak, haikuwaka tena. Nilizunguka kwa mafundi watatu. Wa mwisho, kijana mpole, aliiweka diski sikioni kama daktari, akatikisa kichwa, akanirudishia kwa mikono miwili. Mama alikuwa amekwisha kufariki.

Kwa hiyo kabla ya Windows 11, kabla ya Mint, kabla ya kumpigia fundi wa Sinza, chomeka diski ya nje au hata fleshi ya jirani, unakili visivyonunulika. Vyeti vya wateja vitafuata usiku huu, mikataba kesho. Umeme upo sasa hivi. Anza na sauti za wazee.