Mzinga Uliogawanywa

Tangu kale milima imekuwa ngome ya wanyonge. Aliyezidiwa nguvu bondeni hupanda juu, akiamini kuwa mzinga mkubwa wa adui hautamfuata, kwani magurudumu hayana njia ya kupita. Imani hiyo ilivunjwa na mzinga wa milimani, silaha iliyoundwa ili ifunguliwe vipande na kubebwa. Ule mashuhuri wa Waingereza, walioutumia Afghanistan katika vita vya 1878 hadi 1880, ulikuwa na mtutu wa vipande viwili vilivyounganishwa kwa hesi. Kila kipande, chenye uzito wa takriban kilo 90, kilipakiwa juu ya nyumbu wake. Magurudumu na kigari vilichukuliwa na wengine. Kileleni askari waliushusha, wakaukaza, na punde ukawa tayari kunguruma.

Hapo ndipo linapozuka suali. Ikiwa mzinga hugawanyika, je, dhambi yake nayo hugawanyika? Aliyebeba gurudumu tu ana fungu gani katika nyumba iliyobomolewa ng'ambo ya bonde?

Suali hili lisingekuwa zito lau mizigo ingebaki migongoni mwa nyumbu, wasioulizwa kitu. Lakini kikosi cha Gold Coast, Ghana ya leo, kilipofika Afrika Mashariki mwaka 1916 kupigana na Wajerumani, mizinga yake ya milimani ilibebwa vichwani mwa watu. Katika vita hivyo wapagazi mamia ya maelfu walikusanywa, wengi wao kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao, ingawa wauzao na wanunuao hapo aghalabu hawana habari.

Yupo atakayedai kuwa watu kumi wakigawana tendo, kila mmoja hubeba sehemu ya kumi. Hoja hiyo haisimami. Mzinga uliokosa kipande kimoja si mzinga pungufu, bali ni chuma tu. Kwa hiyo kila kipande kimeubeba mzinga mzima. Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Khattab aliwahukumu kifo watu kadhaa walioshirikiana kumuua mmoja, akaona kuwa lau watu wote wa Sanaa wangeshiriki, hukumu ingekuwa ile ile.

Hata hivyo, hukumu kama hiyo yataka nia. Mpagazi aliyetolewa shambani kwake kwa nguvu hakuwa na nia ila kufika kambini akiwa hai. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya aliyelazimishwa kuua kwa mkono wake. Mbeba gurudumu hajafika hata huko. Asiyelazimishwa ni yule aliyeichora hesi, mezani pake, kwa mshahara. Huenda yeye hakuuona mlima wala moshi, na umbali huo umehesabiwa kuwa ndio usafi wake. Werevu wake umesifiwa vitabuni, ilhali wapagazi wengi hawakuandikwa majina hata makaburini.