Ukishafika Kivulini

Methali ya mchumia juani tumefundishwa mpaka imechakaa, lakini kila ikifafanuliwa, kinachofafanuliwa ni jua. Kazi, jasho, kujinyima, kuamka alfajiri. Kivuli kinaachwa kijieleze chenyewe. Mtu akishachuma, si ataingia kivulini ale? Nani anahitaji kufundishwa kula?

Nawafahamu wastaafu kadhaa wanaohitaji. Nitamtumia mmoja tu, mama yangu mdogo, kwa kuwa ndiye ninayemjua kwa karibu, na ameniruhusu ilimradi nisimtaje jina. Alifundisha shule za msingi mkoani Tanga miaka 35, nyingi akiwa Muheza, akastaafu alipotimiza 60. Nyumba ni yake. Hadaiwi. Mtoto wake wa mwisho anajitegemea. Pensheni inaingia kila mwezi, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo aliinunulia hati fungani ya Serikali ya miaka 25. Piga hesabu: siku itakapoiva atakuwa na miaka 85. Sicheki, maana hati fungani hulipa riba kila baada ya miezi sita, kwa hiyo mzee hana haja ya kungoja iive ndipo ale. Shida ni kwamba riba yenyewe hailiwi. Ikiingia inakaa mpaka itimie kiasi, kisha inarudi kununua nyingine.

Wakati huohuo, luku anaweka ya buku mbili buku mbili. Sahani za kauri alizopewa na walimu wenzake siku ya kuagwa ziko kabatini, nyuma ya kioo, zinangoja wageni, na mimi nikienda si mgeni. Vitenge viko sandukuni na karatasi zake za dukani. Godoro lake limebonyea katikati kama mtumbwi. Na huyu ni mwanamke aliyechora Bonde la Ngorongoro ubaoni kwa chaki kila mwaka kwa zaidi ya miaka thelathini, akawaeleza watoto wa watu kuhusu vifaru na nyumbu, na hajawahi kukanyaga Karatu. Nikimwuliza lini, jibu lake ni neno moja: "Bado."

Mtaani mtu wa namna hii anaitwa bahili, basi, mjadala umefungwa. Aristotle naye angekuwa upande wa mtaa. Katika kitabu chake cha maadili anasema ubahili hautibiki, na kwamba uzee na kila aina ya udhaifu huuleta. Anaongeza jambo ambalo kila mwenye shangazi tajiri wa kurithi atalikubali: waliorithi mali ni wepisi wa kutoa kuliko walioitafuta wenyewe, kwa sababu hawajaonja kukosa.

Mimi nadhani kipimo chake hakimpati mama mdogo. Bahili hatoi, na yeye anatoa mpaka inakera. Kuna wajukuu wa jirani anaowalipia michango ya shule. Msiba ukitokea, jina lake halikosi kwenye daftari, na hajawahi kuandikisha elfu mbili. Mwaka juzi alimnunulia kaka yangu tairi mbili za pikipiki bila kuombwa. Ni mkarimu kwa kila mtu isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyesimama darasani miaka 35.

Kwa hali hiyo Immanuel Kant anatufaa zaidi, ingawa kwa mambo ya starehe si mtu ambaye ungemkimbilia. Mwaka 1797, katika kitabu chake kuhusu metafizikia ya maadili, aliweka ubahili kundi moja na uongo na kujidhalilisha, katika orodha ya makosa ambayo mtu anaitendea nafsi yake mwenyewe. Alikuwa na aina maalumu ya ubahili akilini: ule wa kujibana chini ya mahitaji yako ya kweli, ukiwa na njia za kuyatimiza. Kwake hilo halikuwa suala la hesabu mbaya. Ni mtu kujigeuza mtumishi wa vitu vyake.

Hoja ya wajibu kwa nafsi yako haisikiki sana kwetu. Tumelelewa kwamba wajibu ni kwa wengine, na mtu akianza kusema "mimi nami nina haki yangu" tunajua ndoa inaelekea kuvunjika. Lakini jiulize akiba ni nini. Mwalimu wa miaka 30 anayekatwa mshahara kila mwezi na bado anapeleka kitu kwenye kikoba anamnyima mtu mmoja ili ampe mwingine. Anayenyimwa ni yeye wa leo. Anayeahidiwa ni mama fulani wa miaka 60 ambaye bado hayupo. Hiyo ni ahadi, na kama ahadi zote ina mwenyewe. Sasa mama huyo amefika. Amebisha hodi, ana kitambulisho cha mstaafu mkononi, magoti yanamuuma kidogo, anasema nimekuja kuchukua kile mlichokuwa mnaniwekea. Anajibiwa vilevile tunavyojibiwa madirishani kwenye maofisi: njoo kesho.

Ndiyo maana "bado" ya mama mdogo inanisumbua kuliko ambavyo "hapana" ingenisumbua. Mtu anaweza kuchagua maisha ya vichache kwa moyo wake wote, na sina la kumwambia; wako watawa, na wako wazee wanaopenda kweli chai ya rangi na mhogo. Mama mdogo hajachagua hivyo. Anataka kwenda. Anaahirisha. Na tunaposema akiba haiozi tunazungumzia mahindi na noti, tunasahau meno na magoti. Safari ya kushuka bondeni ukiwa na miaka 63 na safari hiyohiyo ukiwa na 78 si bidhaa moja, hata kama nauli ingekuwa ileile.

Lakini ni rahisi mno kwa mtu wa umri wangu kuandika hivi. Mama mdogo alizaliwa mwaka 1963. Alikuwa msichana wakati wa Vita vya Kagera, na akaingia ukubwani wakati wa foleni za sukari na sabuni. Alikuwa na miaka 20 mwaka 1983, katika ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walipokuwa wanatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Alipoanza kupokea mshahara akaushuhudia ukiyeyuka. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 10. Mwaka 1995 ilikuwa imeshavuka 500. Yaani kizazi chake kiliambiwa akiba haiozi huku kikiiona ikioza mkononi. Kisha kikawaona wazee waliotumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 wakidai mafao yao kwa miongo kadhaa, wakizeeka kwenye madai, wengine wakifa bila kuyaona. Mtu aliyepita humo akificha sahani nzuri nyuma ya kioo, simwiti mgonjwa. Ana kumbukumbu.

Na serikali haikumsaidia kutulia. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, wakati wengi, walimu wakiwemo, walizoea 50. Kelele zikawa kubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa kwenye 50. Mama mdogo alistaafu katikati ya hapo, wakati wa 33, na mpaka leo neno kikokotoo ukilitamka mbele yake uwe umekula kwanza, maana mazungumzo hayataisha.

Nimesoma na kuhariri habari nyingi za kikokotoo. Karibu zote zilihusu mkupuo, mtu anaondoka na shilingi ngapi siku ya kwanza. Sikumbuki hata moja iliyouliza mtu ataishije na ile ya kila mwezi. Mkupuo tunauelewa kwa sababu unafanana na mtaji: utajenga fremu, utanunua bodaboda tatu, utafuga kuku wa mayai. Hata kwenye kustaafu tunawaza kuchuma. Kila mtaa una hadithi ya mstaafu ambaye mkupuo uliisha ndani ya mwaka mmoja, kuku wamekufa, dereva wa bodaboda haonekani. Hadithi hizo zinasimuliwa kwa wastaafu wapya kama onyo dhidi ya matumizi, wakati ukizisikiliza vizuri, hakuna hata mzee mmoja aliyefilisika kwa kula. Wamefilisika kwa kuwekeza.

Hesabu ya kanuni ile ya 2022 ilichukulia kwamba mstaafu ataishi miaka 12.5 baada ya kuacha kazi. Namba hiyo iliwaudhi wengi, kana kwamba wamepangiwa siku ya kufa. Lakini ukiivuka hunyang'anywi pensheni. Unaendelea kulipwa mpaka mwisho wako. Hofu kubwa ya mwenye kuishi kwa akiba duniani kote ni kuishi muda mrefu kuliko fedha zake, na pensheni ya kila mwezi, hata ikiwa ndogo, ndiyo dawa yake. Inayoweza kuliwa bila kuhesabu siku zilizobaki ndiyo hiyohiyo tunayoidharau, na tunayoililia ni ile inayoweza kwisha.

Nilimweleza mama mdogo haya. Alinisikiliza vizuri kama anavyomsikiliza mtoto wa darasa la tano, akasema, "Na nikiugua?"

Hapo sina jibu rahisi, na anayedai analo hajawahi kukaa na mgonjwa. Bima ipo na ina mipaka yake. Maradhi ya uzeeni hayana risiti moja. Akiugua sana na fedha zimeliwa, atakayelipa ni mimi, kaka yangu na wanawe. Kwa hiyo ninapomwambia "tumia, mama," ninaahidi kitu kwa niaba ya ukoo mzima bila kuwauliza. Na ninapomwambia "tunza," mimi ni mmoja wa watakaobaki na hicho kilichotunzwa. Mtoto hana pa kusimama ambapo ushauri wake juu ya fedha za mzazi hauna maslahi yake ndani. Nadhani wazee wanalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana wanatusikiliza kwa adabu na kuendelea na yao.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho kiko ndani ya uwezo wetu, nacho ni midomo yetu. Mzee akijenga tunamsifu. Akimsomesha mjukuu tunamsifu. Akinunua tiketi ya boti kwenda Unguja kutembea tu, tunaulizana ameanza nini. Mwanaume akinunua gari baada ya kustaafu ataitwa mjinga nyuma ya mgongo wake. Mwanamke, tena mjane, akisafiri peke yake ataulizwa usoni anamfuata nani. Nimewasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakisema mama yao "anachezea hela." Hela za nani? Katika vichwa vyetu urithi umeshagawanywa, na mzee anayekula anaonekana kama mtu aliyeingia shambani kwetu usiku. Halafu tunashangaa kwa nini hawezi kutumia, na tunamnunulia kitabu.

Mwaka jana mama mdogo alikuja na mpango wake mwenyewe, bila msaada wa Kant wala wangu. Riba ya Juni itarudi kwenye hati fungani. Riba ya Disemba ni ya kuliwa. Ameiandika hivyo kwenye daftari la mazoezi, kwa ule mwandiko wa ubaoni: YA KULIWA, na mistari miwili chini yake. Akaniambia kwamba fedha isiyo na jina huwa haijui iende wapi, kama mtoto mpya shuleni, kwa hiyo yeye ameamua kuipangia darasa. Ngorongoro haijaingia kwenye hesabu. Kiingilio cha raia si tatizo, ila gari na mahali pa kulala vinamtisha, na anasema mtu haanzi kupanda mlima kwa kukimbia. Ameanza na godoro. Futi tano kwa sita, inchi kumi, aliliendea mwenyewe Tanga mjini. Akamwomba mwenye kirikuu asilipeleke mchana. Likaingia ndani saa moja usiku, majirani wakiwa wanapika.

"Mwanangu," alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini kabisa, "usimwambie kaka yako." Sijamwambia. Kaka yangu hasomi vitu kama hivi.

Nilikwenda Pasaka nikalikalia. Ni zuri kweli. Nailoni bado haijatolewa.