Lijibu Tangazo

Mdogo wangu uliyemaliza chuo na bado unasubiri simu, usikate tamaa. Ila ile CV uliyoituma wiki iliyopita usiitume tena. Ilichapwa stesheneri kwa kuiga ya rafiki. Juu kabisa ina dini na hali ya ndoa, chini yake inatangaza kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu, na unaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Imekwenda benki, imekwenda hotelini, imekwenda mamlaka ya maji, na haijabadilika hata nukta. Vijana wengi wanasambaza maombi kama wanavyojaza mkeka wa kubeti: weka nyingi, huenda ukatiki. Nguvu zako ni za thamani kuliko hivyo, na inaniuma kuona zinapotea.

Mwajiri anapotoa tangazo ana shida, naye ameieleza kwa maandishi. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: utakuta majukumu ya kazi, kisha sifa za mwombaji. Wengi wanarukia sifa, wakiona shahada yao imetajwa wanaanza kupakia vyeti. Wewe anzia kwenye majukumu. Pigia mstari kila kitendo kilichotajwa: kuandaa, kukagua, kutunza, kusuluhisha. Kwa kila kimoja jiulize: mimi hili nimelifanya wapi?

Na umelifanya, hata kama hujawahi kupokea mshahara. Tuseme umesomea uhasibu. Mafunzo kwa vitendo ulifanyia halmashauri, ukashika hati za malipo. Mtaani kwenu ulikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Baada ya chuo umekaa kwenye kibanda cha shemeji yako cha uwakala wa pesa za simu. Benki ikitafuta keshia, kibanda hicho kinapanda juu ya ukurasa: umehesabu fedha taslimu kutwa nzima, umelinganisha floti na pesa mkononi kila jioni, umehudumia mteja mwenye haraka na mwenye hasira. Shirika linalofanya kazi na wanawake vijijini likitafuta afisa wa mradi, kibanda kinashuka na kikoba kinapanda: daftari la hisa, mikopo, vikao, mgawo wa mwisho wa mwaka, na ile siku mwanachama aliposhindwa kulipa nanyi mkalimaliza suala hilo bila kikundi kuvunjika. Chama cha msingi cha ushirika huko Mtwara kikitaka mtunza hesabu, fikiria kwanza kazi yao. Korosho zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hukabidhi mzigo na kusubiri fedha baada ya mnada. Hapo anatakiwa mtu ambaye karatasi hazimpotei na anayeweza kumweleza mwanachama makato yake bila kubabaika. Hati za malipo za halmashauri zinatangulia, kikoba kinafuata.

Mtu ni yuleyule, CV ni tatu, na hakuna neno la uongo ndani yake.

Leonardo da Vinci alilijua jambo hili. Karibu mwaka 1482, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, akiomba kazi. Alikuwa mchoraji, lakini hakuanza na uchoraji. Alianza na madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa, na njia za kuchimba chini ya kuta za ngome. Uchongaji na uchoraji vilisubiri mwisho wa barua. Ludovico alikuwa mtawala mwenye maadui, na kijana yule alianza na kinachomnyima usingizi mwajiri.

Kupanga upya si kughushi, na mpaka huo usiuvuke hata kwa herufi moja. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi. Cheti, tarehe na cheo vibaki kama vilivyo. Unachochagua ni kipi kitangulie, kipi kielezwe kwa mistari minne na kipi kiishie mstari mmoja.

Utaniambia ni kazi kubwa. Ni kazi, ndiyo. Ila mara ya kwanza ndiyo ngumu. Andika waraka mmoja mrefu usioutuma popote, wenye kila ulichowahi kufanya, hata mashamba ya kijiji uliyosaidia kupima na harusi uliyoshika hesabu za michango. Kila tangazo likitoka, chota humo. Tumia maneno ya tangazo lenyewe: wakisema usuluhishi wa hesabu za benki, nawe umewahi kuufanya, usiandike kazi za ofisini, maana kampuni nyingine hutumia programu kuchuja maombi kabla binadamu hajayaona. Wadhamini nao wabadilike. Mwenyekiti wa kikoba anaweza kukusemea vizuri kwa shirika la wanawake kuliko mhadhiri ambaye hata sura yako haikumbuki.

Basi leo usiku chagua tangazo moja, la kazi ambayo kweli unaiweza. Lisome mara mbili, kisha liandikie CV yake. Ukimaliza, msomee mtu wa nyumbani kwa sauti, halafu umuulize: hapa ninaomba kazi gani? Akibahatisha, rudi ukaandike upya. Akijibu sawasawa, itume.