Homa ya Kidingapopo na Wajibu wa Mwenye Imani

Ndugu msomaji, katika Kurani Tukufu (2:27) Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba haoni haya kumtaja mbu kuwa mfano. Wapo waliostaajabu kuona mdudu duni namna hiyo akitajwa katika Kitabu kitukufu. Lakini mwaka 2019 watu zaidi ya 6,000 nchini Tanzania, wengi wao wakazi wa Dar es Salaam, walithibitika kuugua homa ya dengi, ienezwayo na mbu. Wala maradhi ya namna hii si mageni pwani yetu: huko Unguja mwaka 1870 wenyeji waliyaita kidingapopo.

Tufanye nini basi? Wengine hujibu: "Ajali haina kinga, aliyeandikiwa kuugua ataugua tu." Neno hili husemwa kana kwamba ni imani, kumbe ni uvivu uliovikwa kanzu.

Seyidna Umar r.a., Khalifa wa pili, alipokuwa safarini kwenda Sham alipata habari kwamba huko kumezuka tauni. Alipoamua kurudi, Abu Ubaida r.a. alimwuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kudra ya Mungu na kuiendea kudra ya Mungu. Maana yake ni wazi: ikiwa ugonjwa ni kudra, kinga nayo ni kudra.

Tena Mtume Muhammad s.a.w. aliwaamuru wafuasi wake wafunike vyombo na kufunga viriba vya maji, na katika Sahihi Muslim amri hiyo imeunganishwa na tahadhari ya maradhi. Hatudai kwamba hadithi hiyo yataja dengi. Twasema tu kwamba anayeitii leo amekwisha kuufunga mlango mmoja mkubwa wa homa hii.

Kwani mbu wa dengi, aitwaye Aedes aegypti, hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya mitungi, mapipa, makopo, vifuu vya nazi na matairi mabovu. Mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Chombo kisuguliwe kila juma, kisha kifunikwe vizuri. Tena mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuchwa. Basi anayetegemea chandarua cha usiku peke yake hajajikinga.

Jambo jingine lifikiriwe: mbu huyu haruki mbali. Aliyemwuma mtoto wa jirani yako pengine amezaliwa katika pipa lako. Kurani Tukufu imeamrisha kumtendea jirani wema (4:37). Je, ametimiza amri hiyo anayemsalimu jirani kwa maneno matamu, huku ua wake ukimlelea maradhi?

Akipatwa mtu na homa kali ya ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa, nyuma ya macho na ya viungo, apelekwe hospitali akapimwe. Hakuna dawa maalumu ya kuviua virusi vya dengi. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi, na hutuliza homa kwa parasetamoli kwa kipimo alichoelekezwa. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, maana huzidisha hatari ya kutoka damu. Homa ishukapo msidhani hatari imekwisha: akiumwa sana tumbo, akitapika mfululizo, au akitoka damu puani au katika fizi, arudishwe hospitali mara moja. Naye alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu asije akavichukua virusi kwake na kuwapelekea wengine.

Je, dua haina kazi? Hasha! Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika kitabu chake Barakatud-Dua cha mwaka 1893, alieleza kwamba dua na njia za kidunia havipingani, kwa kuwa vyote viwili vimewekwa na Mungu. Anayeomba huku mtungi wake u wazi hajaiheshimu dua yake. Na anayeufunika asimwombe Mungu, amesahau ni nani aliyemjalia akili na maji.

Basi, ndugu, inuka leo uutazame ua wako, kisha nyosha mikono yako uombe. Mwenyezi Mungu atulinde sisi na jirani zetu. Amin.