Dhima ya Anayemlipa Mkulima Kabla ya Mavuno

Katika Salale, kata ya wilaya ya Kibiti iliyo ndani ya delta ya Rufiji, ambako mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini na maji matamu hushindana na maji ya chumvi kila bamvua, mkulima wa mpunga huwa na haja ya fedha wakati asipokuwa na kitu cha kuuza, na hupata cha kuuza wakati jirani zake wote nao wanauza. Baina ya nyakati mbili hizo hutokea mtu mwenye fedha. Nami nataka kuuliza, kwa dini na kwa akili, kama mtu huyo, alipapo leo kwa ajili ya mazao ya kesho, humsaidia mkulima au humla.

Wako wanaojibu upesi kwa kutaja kangomba, biashara wanayoijua sana wakulima wa korosho wa Pwani na Kusini, ambamo mnunuzi huja wakati wa dhiki, akatoa fedha kidogo, akaandikiwa magunia ya korosho ambazo bado ni maua mtini. Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018, ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, iliwahakiki wauzaji mmoja mmoja ili kuwabaini watu wa kangomba. Mimi siwaonei huruma. Lakini marufuku haimpi mtu fedha ya palizi, wala haimlishi anayelala dunguni akiwafukuza nguruwe na ndege. Na mwenye dhiki akifungiwa mlango wa mbele hupita wa nyuma, ambako bei ni mbaya zaidi.

Sharia ililiona jambo hili zamani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana kwa ajili ya tende za mwaka na za miaka miwili mbele, naye hakuwakataza, ila aliwaamuru kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo biashara ya salam. Na huyohuyo aliyeiruhusu alikataza kuuza matunda ya mti kabla hayajaonyesha kuiva. Asiyetafakari atadhani kwamba hukumu mbili hizi zinapingana, kumbe zinashikana: katika salam muuzaji hujifunga kwa dhima yake kuleta kitu chenye sifa na kadiri maalumu, kitoke shamba lolote litakalokuwa, ilhali anayeuza ua la mti fulani huuza bahati. Tena fedha ya salam hutolewa yote palepale penye mapatano, nao mafakihi wamelichukia jambo la kumpunja mtu kwa sababu ya dharura yake. Ipime kangomba kwa mizani hiyo: kiasi kinachotolewa hupangwa na njaa ya muuzaji, na siku ya kupokea gunia hujazwa lumbesa, yaani hupandishwa juu ya mdomo wake na kushonewa kilemba cha kamba, ingawa sheria ya vipimo imekwisha kukataza.

Basi je, twende kwa mkulima wa Salale na karatasi za salam, tuseme tumemsaidia? Hapa nasita, kwa sababu ya ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya delta ni msitu wa mikoko uliohifadhiwa na dola tangu zama za Wajerumani, na mashamba mengi ya mpunga yamefyekwa ndani ya mikoko hiyo, ambapo mtu hulima miaka michache hata magugu yakamshinda, akahamia kwingine. Mkulima wa namna hii hana hati ya kumpelekea mwenye benki, naye bwana misitu humhesabu kuwa mharibifu. Juu ya hayo wako kaa wanaokata miche, kuna chumvi inayopanda mto unapopungua, na kuna mafuriko. Katika salam msiba huo wote hukaa katika dhima ya mkulima: mpunga ukikosekana siku ya ahadi, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, mnunuzi ana hiari ya kungoja au kuvunja mapatano na kurudishiwa rasilmali yake bila ya nyongeza. Ni rehema kubwa ukiilinganisha na riba, ambayo huzaa hata shamba likiwa chini ya maji. Lakini rasilmali imekwisha kuliwa na mto. Mkulima atairudisha kwa kitu gani?

Palikuwa na watu walioona kwamba njia iliyo nyepesi ni kumwondoa mkulima kabisa. Mwaka 1997 Serikali iliukubali mradi wa African Fishing Company wa kufuga kamba katika delta hii, juu ya eneo la hekta zipatazo 10,000, na wenyeji wakaahidiwa ajira. Wenyeji wengi walipinga, wengine wakaenda mahakamani, na mradi haukusimama. Yalisemwa mengi wakati ule juu ya mikoko na mazalio ya samaki, nayo yalikuwa kweli. Lakini nadhani hoja iliyokuwa nzito zaidi ni kwamba ujira, hata ukiwa mzuri, haumfanyi mtu kuwa mwenye shamba, na aliyekwisha kuwa mwenye shamba huona tofauti hiyo kabla ya mwanachuoni.

Sadaka nayo haijengi shamba. Abdurrahman bin Auf, alipofika Madina mikono mitupu na Saad bin Rabii akataka kumpa nusu ya mali yake, alimwombea baraka, akataka aonyeshwe soko. Soko la mtu wa Salale ni njia ya Bungu, na gati ya Nyamisati yenye vyombo vya kwenda Mafia, na ghala ambamo mpunga ungengoja bei ipande. Sheria ya stakabadhi ghalani imekuwapo tangu 2005, na wakulima wa korosho na ufuta wameizoea, pamoja na manung'uniko yao juu ya makato na malipo yanayochelewa.

Kwa hiyo naona kwamba mwenye fedha anayetaka kumsaidia mkulima wa delta, na kupata faida ya halali, na aingie naye katika shirika, hasara ya mafuriko ikila rasilmali ya mmoja na jasho la mwingine. Najua kwamba mafakihi wamehitilafiana: Abu Hanifa aliikataa muzaraa, yaani shirika la kilimo la kugawana mazao, wanafunzi wake wawili wakaijuzisha, na Mashafii wameibana sana. Walioijuzisha wanashurutisha fungu la mazao yote, nusu au thuluthi au robo, kwani Rafii bin Khadij amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha ardhi kwa yale yaotayo kandokando ya mifereji, upande mmoja ukasalimika na mwingine ukaangamia, wakakatazwa. Habari hii yafaa isomwe sana Salale, ambako mwenye fedha, akiachiwa achague, atataka majaruba ya juu yanayofikiwa na maji matamu, na kumwachia mwenziwe yale yaliyo upande wa bahari.